Ukurasa Niliouruka

Kitabu nilikikuta Nyakahura, katika duka la pembeni mwa barabara linalouza madaftari, vocha na sabuni za mche. Kilikuwa dirishani, kati ya kopo la kalamu na pakiti za biskuti. Kitabu chembamba, jalada la bluu, na juu yake picha ya mwandishi amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Sikuhitaji kusoma jina lake. Mtu huyo aliwahi kufika nyumbani kwetu Kanazi, akala ndizi alizopika mama yangu, akaondoka.

"Hicho kinatoka sana, mwalimu," muuzaji aliniambia. "Madereva wanakigombania."

Nilikinunua. Nilikuwa nimeshapandwa na hasira kabla hata sijakifungua, na niseme ukweli, mimi ni mtu wa hasira. Wanafunzi wangu wanajua, walimu wenzangu wanajua, na marehemu mume wangu alijua kuliko wote. Miaka yote ya kufundisha darasa la tano haijanipunguzia hasira hiyo, imenifundisha tu kuificha nyuma ya kalamu nyekundu.

Mwandishi alikuwa dereva wa lori. Mdogo wangu wa mwisho, kitinda mimba wa mama, alikuwa utingo wake. Walikuwa wakipakia sukari na kuvuka nayo mipaka mpaka Kongo, safari ya wiki mbili au tatu, na mdogo wangu alikuwa akirudi na hadithi nyingi kuliko fedha. Safari moja lori lilisimamishwa na watu wenye bunduki. Wakateremshwa, wakaingizwa msituni pamoja na wanaume wengine wawili wa gari lililokuwa nyuma yao. Sisi tulipata habari kwa simu ya tajiri wa lori, ambaye alizungumzia sukari yake kwanza na watu baadaye. Baada ya miezi saba dereva alitoka. Mdogo wangu hakutoka, na hiyo ni miaka minne sasa.

Dereva alipopata nafuu alikwenda Kanazi kutoa habari. Mimi sikuwepo, nilikuwa kazini huku Nyakahura. Tulichokijua sote ni kile tulichoambiwa na mama: kwamba dereva anasema walitenganishwa siku za mwanzo, yeye akapelekwa njia moja na mdogo wangu njia nyingine, na zaidi ya hapo hajui. Juu ya maneno hayo tuliishi miaka minne. Hatukuweka matanga. Hatukuomba misa ya marehemu. Mke wake, ambaye ni wifi yangu, alibaki pale nyumbani kwa mama na watoto wake wawili, mke wa mtu aliye safarini.

Nilikisoma kitabu kile Jumapili, mwezi wa pili, baada ya misa. Nilikaa uani kwenye kivuli cha nyumba, nikasogeza pembeni rundo la madaftari ya kusahihisha, na kwa mazoea nikashika kalamu nyekundu. Msinicheke. Nilianza kumsahihisha. Mtu huyu alisoma mpaka darasa la saba na aliandika kama anavyosema: tulirara chini, tukakura majani, mvua ikaturowesha. Kila palipokuwa na kosa nilizungushia duara. Nilikuwa ninamkomoa. Nilitaka awe mtu mjinga, mtu wa kupigiwa mstari.

Lakini alikuwa anajua kusimulia, na hilo nilikubali mapema. Aliandika kwamba jambo gumu kuliko yote halikuwa kipigo, lilikuwa kutojua leo ni siku gani, na kwamba yeye na utingo wake walibishana nusu siku kama ni Jumatano au Alhamisi mpaka wakataka kushikana mashati. Aliandika kwamba walibebeshwa magunia ya chumvi na madumu ya mafuta, na aliyeanguka na mzigo hakuinuliwa na mtu, ilikuwa marufuku kumpa mkono. Aliandika kwamba walinzi wao walikuwa wakiimba nyimbo za kanisani asubuhi, nyimbo anazozijua, na yeye akawa anaitikia kimoyomoyo, halafu akajichukia. Hapo nilisahau kuzungushia makosa.

Mdogo wangu alikuwa humo. Hakumtaja jina, alimwita utingo wangu. Utingo wangu alifanya hivi, utingo wangu alisema vile. Siku ya tano walikuwa pamoja. Mwezi wa pili walikuwa pamoja. Nikageuza ukurasa, na mwezi wa tatu bado walikuwa pamoja, na mimi nikasimama pale uani nikiwa nimekishika kitabu kwa mikono miwili. Walitenganishwa siku za mwanzo, si ndivyo tulivyoambiwa?

Ukurasa wenyewe ni mfupi, haufiki hata chini. Aliandika kwamba mguu wa utingo wake ulichomwa na kisiki, ukavimba, ukaoza, hata harufu yake ikawa inawatangulia njiani. Mkubwa wa wale watu akasema mzigo wake wagawane waliobaki. Wakagawana chumvi yake. Viatu vya dereva vilikuwa vimeisha soli, kwa hiyo akamvua mdogo wangu vyake, mwenyewe akiona. Mdogo wangu akamwambia akaze kamba vizuri, viatu hivyo vinapwaya. Halafu akamwambia, ukifika nyumbani mwambie mke wangu asinisubiri, bado ni mdogo, asinisubiri. Alirudia mara mbili. Wakamwacha amekaa chini na mlinzi mmoja. Hawakufika mbali wakasikia mlio wa bunduki, mmoja tu, na hakuna aliyegeuka. Dereva alitembea na viatu vile mpaka siku aliyotoka.

Nililia. Nililia vibaya, mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, nikamwambia ni jino. Halafu hasira ikarudi, safari hii ikiwa na pa kushika. Yule mtu alikuja kwetu na viatu vya mdogo wangu miguuni, au labda ameshavitupa, akakaa, akala, akamdanganya mama yangu uso kwa uso kwamba hajui. Ukweli wake akautunza auze madukani.

Ungefikiri nilifunga safari siku ileile kwenda Kanazi. Sikwenda. Nilijiambia kuna mitihani ya kati ya muhula. Nilijiambia habari ya msiba haipelekwi kwa pupa. Nilikivisha kitabu jalada la gazeti, kama tunavyovisha vitabu vya shule, nikakitia kwenye mkoba. Jumamosi ya pili ndipo nilipokwenda, na nilikwenda nimekula kiapo kwamba nitasema.

Sikupata nafasi ya kuchagua maneno. Wifi yangu alinipokea mkoba nikiwa bado njiani.

"Wifi, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimesikia pale mpakani Kabanga kwamba yule dereva ametoa kitabu. Mwanamke mmoja anayebadilisha fedha anacho, ila hakukubali kuniazima. Wewe hujakiona huko Nyakahura?"

Niangalieni nilivyo mjinga. Ningeweza kusema sijakiona. Nikasema ninacho.

Wifi yangu wakati huo alikuwa na miaka ishirini na minane. Kwao ni Biharamulo, upande huu wa Nyakahura, aliletwa kwetu akiwa binti wa miaka kumi na tisa, mrefu, mcheshi, anayecheka mpaka anashika ukuta. Kucheka kulikuwa kumemtoka, lakini alikuwa hajazeeka. Kila Jumamosi alikuwa akitoa mashati ya mume wake sandukuni, anayafua, anayaanika, anayakunja, anayarudisha. Yasiote ukungu, alisema. Mtoto wao wa pili hakumkumbuka baba yake hata sura, ila aliyajua mashati yale moja moja.

Alinyoosha mkono akitaka kitabu. Mama, ambaye alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage, akamkatiza kwa Kihangaza.

"Mwache mwalimu asome. Wewe utaanza kulia hapo, sisi tubaki hatusikii kitu. Na asome kwa lugha yetu. Kiswahili cha kitabuni mimi kinanipita."

Basi tukakaa watu watatu kuzunguka ungo wa maharage, jua la mchana likiwa bado kali, na mimi nikaanza kusoma. Macho yangu yalikuwa yanasoma Kiswahili na mdomo unatoa Kihangaza. Kazi hiyo ninaiweza, nimeifanya miaka mingi kwa barua za serikali na karatasi za hospitali. Nusu ya watu wazima wa Kanazi wameniletea karatasi niwasomee kwa lugha ya nyumbani. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama ninachosema ndicho kilichoandikwa. Mtu huamini tu.

Nilisoma vizuri. Nilisoma habari za Jumatano na Alhamisi, na wifi yangu akatabasamu, akasema, "Huyo ni yeye kabisa, hata hapa alikuwa hakubali kushindwa." Nilisoma habari za chumvi. Nilisoma habari za nyimbo. Mama hakuinua kichwa, vidole vyake vilikuwa vinatafuta mawe kwenye maharage. Kila nilipogeuza ukurasa nilijua umebaki mmoja pungufu. Halafu nikafika.

Nikasema, kwa Kihangaza, nikikazia macho karatasi: "Siku hiyo wakatugawa. Wengine wakapelekwa njia ya juu, sisi njia ya mtoni. Utingo wangu alikuwa miongoni mwa wale wa njia ya juu. Sikumwona tena." Nikageuza ukurasa, nikaendelea na ya mbele.

"Njia ya juu inakwenda wapi?" wifi yangu aliuliza.

"Haijaandikwa."

"Lakini alikuwa mzima?"

"Alikuwa anatembea," nilisema.

Akafunga mikono yake kifuani, akasema asante Yesu, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu lori lile lipotee. Mama alishusha pumzi ndefu. Nilidhani ni pumzi ya mzazi aliyepata matumaini. Roho iliniuma, nikajiona mkatili na mwema kwa wakati mmoja, ujinga ambao huwapata watu wenye elimu kidogo.

Jumamosi iliyofuata ya kwenda nyumbani nilimkuta wifi anafua yale mashati. Sabuni ilimwishia mikononi. Mimi ndiye niliyekwenda kumletea nyingine, kutoka kwenye mkoba wangu uleule wenye kitabu. Nilisimama nikamwangalia akisugua kola. Nilisema moyoni, nitamwambia wiki ijayo. Na ile nyingine nikasema vilevile. Kitabu kilikuwa kinakwenda na kurudi, Nyakahura na Kanazi, na sikukitoa tena. Wiki zikapita hivyo, mpaka sherehe za Pasaka zikaisha.

Kilichonivunja ni dereva mwenyewe. Siku hizi haendeshi tena. Anaziba pancha pale Nyakahura, jirani na mahali magari makubwa yanaposimama kununua nyama na mahindi. Miaka yote hiyo tulikuwa tukipishana, naye kila mara anainamisha kichwa na kusema, "Pole, mwalimu." Nilikuwa ninaitikia asante, nikidhani ananipa pole ya kusubiri. Siku hiyo nilikwenda pale kwake mchana, saa ya mapumziko ya shule, nikamkuta anasukuma tairi ndani ya beseni la maji kutafuta tundu. Nikakitupa kitabu juu ya benchi lake.

"Ulimdanganya mama yangu," nilimwambia. "Ulikaa nyumbani kwake ukasema mlitenganishwa, kumbe ulimvua viatu mwanawe akiwa hai."

Alitoa mikono majini taratibu. Akaifuta kwenye suruali.

"Mwalimu, mimi?"

"Wewe."

"Mwalimu, mimi nilisema. Nilimwambia mama yako kila kitu. Hata viatu nilimrudishia. Vilikuwa kwenye mfuko wa rambo."

Nilimwambia asinifanye mtoto. Akaapa. Akanieleza siku ile hatua kwa hatua, na nilipokuwa ninamsikiliza nilijua hasemi uongo, kwa sababu aliyosema yalikuwa ya kwetu kabisa. Alifika, akamkuta mama na wifi yangu. Angewezaje kumwambia mke wa mtu jambo hilo ana kwa ana? Kwetu habari ya kifo hapewi mke, hapewi mtoto. Unamwita mkubwa wa nyumba pembeni, unampa yeye, naye ndiye anayejua atawaambiaje wengine, lini, na nani awe karibu kuwashika. Baba alikuwa ameshafariki. Mkubwa wa nyumba alikuwa mama. Wakaenda kwenye migomba nyuma ya nyumba, akamwambia. Akamwambia na ujumbe: mke wake asimsubiri. Mama alikaa chini, halafu akamwambia, mwanangu, wewe mwenyewe bado mgonjwa, kula, uende zako kabla sijawaambia, usije ukakisikia kilio cha nyumba hii, hutafika kwako. Akala vipande viwili vya ndizi. Wifi yangu ndiye aliyemnawisha mikono.

"Sikuweza kumtazama," alisema. "Nilijua nikiondoka tu ataambiwa. Nikatembea haraka nisije nikasikia kilio kikiwa nyuma yangu. Mpaka leo ninajua nyinyi mlishaweka matanga. Mwalimu, ina maana hamkuweka?"

Nilichukua kitabu changu nikaondoka, na nilipofika mbele nikakumbuka kwamba sikumwomba msamaha. Mpaka leo sijamwomba.

Jumamosi nilikwenda Kanazi. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba anakata majani makavu ya migomba kwa kisu. Wifi alikuwa shambani, watoto wamekwenda mafundisho ya komunyo. Sikumwamkia, na katika maisha yangu yote hiyo ndiyo siku pekee ambayo sikumwamkia mama yangu.

"Viatu vyake viko wapi?" nilimuuliza.

Hakuniuliza viatu gani. Alikata jani moja, la pili, halafu akaweka kisu chini.

"Viko chini ya kitanda changu," alisema.

"Miaka minne, mama."

"Ninajua kuhesabu."

Nilimpigia kelele. Sitaandika yote niliyosema, mengine hayafai kusemwa kwa mzazi. Nilimwambia amemzika yule binti akiwa hai. Nilimwambia mwanawe alikuwa na neno moja tu la kusema kabla hajafa, na neno hilo yeye amelikalia. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa, halafu akazungumza bila kupandisha sauti.

"Ulitaka nibaki na nani? Wewe uko Nyakahura na chaki zako. Baba yako yuko chini. Nikimwambia, matanga yakiisha ndugu zake wanakuja wanamchukua, na watoto wanamlilia mama yao. Nikasema, acha kwanza mdogo aache kunyonya. Akaacha. Nikasema, acha tuvune. Tukavuna. Kumbe mwaka umepita. Mwaka ukishapita unaanzaje? Unamwambia mtu, nilisahau?"

"Ungeniambia mimi."

"Na akiwa anamngoja, na mimi nilikuwa ninamngoja," aliendelea, kana kwamba sikusema. "Akianika yale mashati, mimi nilikuwa ninasahau migomba hii na yule mtu. Kuna siku nilikuwa ninamtegea sikio kabisa. Nilijua, na bado nilikuwa ninamtegea."

Nilisema sitaki kusikia. Nilisema yeye ni mwongo kama waongo wengine. Hapo ndipo aliponitazama.

"Na wewe ulisoma nini pale kwenye mkeka?"

Niliinama, nikaangalia kile kisu chini.

"Sijui kusoma, lakini wewe nilikuzaa. Ulipofika pale sauti yako ilishuka. Nilikuwa ninaomba moyoni, aruke, aruke. Ukaruka. Nilikushukuru." Akaokota kisu chake. "Nenda ukamwambie. Mimi mdomo wangu hautafunguka."

Wifi yangu alikuwa kwenye shamba la mihogo upande wa bonde. Nilishuka na kitabu. Njiani nilikuwa ninapanga nitakavyomwita shangazi mmoja wa ukoo, na mke wa katekista, wawepo wa kumshika, kama inavyotakiwa. Halafu nikaona kwamba taratibu hizo ndizo zilizotufikisha hapo, na kwamba nikirudi nyuma kutafuta watu nitapata sababu ya kungoja wiki nyingine. Nikafungua ukurasa, nikampa.

"Kaa chini usome mwenyewe," nilimwambia. "Mimi niliuruka."

Hakukaa. Alifuta mikono kwenye kitenge, akasoma amesimama, kidole kikifuata mistari, midomo ikitembea. Alikuwa msomaji wa polepole. Nilikiona kidole kikifika kwenye mguu, kikifika kwenye chumvi, kikifika kwenye viatu. Kilipofika kwenye maneno ya mume wake kikasimama. Kikarudi juu, kikaanza tena. Mara ya pili alisoma kwa sauti, kwa Kiswahili cha shule, neno moja moja: mwambie mke wangu asinisubiri.

"Alitumwa aniambie mimi?"

"Ndiyo."

"Akamwambia nani?"

"Alimwambia mama. Siku ileile aliyokuja."

Alikaa chini kati ya mihogo. Kilio kilichelewa. Kilipotoka, wanawake waliokuwa wakilima upande wa pili wa bonde walitupa majembe chini wakaja mbio, kwa kuwa kilio cha namna hiyo kinajulikana, hakihitaji maelezo. Waliponiuliza nani amekufa, nikasema mdogo wangu. Wakauliza lini.

Katika ukoo wetu, mtu asiyeonekana mwili huzikiwa mgomba. Wazee walikata mmoja, wakaupunguza kufikia urefu wake kwa kukisia, wakaufunga shuka, wakauzika kando ya baba. Mama alileta vile viatu kwenye mfuko wake wa rambo, akavishusha kaburini kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna aliyemwuliza vilitoka wapi, waliojua walijua. Katekista alisali. Wifi yangu alikaa kwenye majani yaliyotandikwa msibani siku zote zilizotakiwa, akala alipoambiwa ale, akaitikia pole za watu mmoja mmoja. Hakumsemesha mama, wala mama hakumsemesha.

Siku ya kuondoa matanga, wageni walipokuwa wamekwenda, tulibaki yeye na mimi uani tukisugua masufuria makubwa tuliyoazima kanisani. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilitaka kumwambia kwamba ndugu zake wakija nitamsemea, kwamba watoto atakwenda nao akitaka, kwamba mimi ni upande wake. Nilijiona mtu pekee aliyemtendea haki katika nyumba ile. Akanitangulia kusema.

"Wifi, wewe kitabu ulimaliza lini kukisoma?"

Aliuliza kwa upole, bila kuacha kusugua. Nilifikiria kudanganya, na Mungu anajua uongo ulikuwa umeshafika mdomoni.

"Kabla ya Kwaresima," nilisema.

"Kabla ya Kwaresima." Alimwaga maji machafu, akachota mengine. "Kwaresima yote nilifunga ili arudi. Ulinikuta siku moja sijala, naanguka. Uliniambia nijitahidi, Mungu atasikia."

Ni kweli nilimwambia hivyo. Nilikuwa nimelisahau kabisa neno hilo, na yeye alilitunza kama la kumtia nguvu.

Ndugu zake walikuja juma lile, wakamchukua pamoja na watoto, na mama akawasindikiza mpaka kwenye migomba ya mwisho. Sasa anaishi kwao, si mbali na shule ninayofundisha, tunakutana sokoni Nyakahura karibu kila gulio. Hanikwepi. Hunisalimia shikamoo vizuri, kwa heshima zote, na watoto huwaambia waniamkie. Ila neno wifi halimtoki tena. Ananiita mwalimu.